Kadi Iliyopashwa Moto

Mvua ya kwanza ya Oktoba iliwakuta watu wa Likasi hawajajiandaa, kama inavyowakuta kila mwaka. Mbele ya soko kuu wauza makaa walikuwa wakikimbilia kufunika magunia yao, vijana wa baiskeli wakisukumana na mizigo yao, na chini ya paa la kibanda cha vocha walijazana watu kama thelathini, nusu wanunuzi, nusu wakimbizi wa mvua.

Cédrick alikuwa katika nusu ya pili. Alikuwa fundi wa kompyuta, umri miaka ishirini na minane, shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe asubuhi, na sasa lilikuwa limekwisha kuharibika. Akamwona dada mmoja anakuja mbio kutoka upande wa pili wa barabara, gauni la kijani limemganda miguuni, viatu mkononi. Kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kitenge cha manjano, na amejipinda ili mvua impige yeye mgongoni isikiguse kile kitu.

"Batu, mufungue njia!" Cédrick alipaza sauti. "Mama iko na mutoto! Mupitishe mama!"

Watu wa Likasi wana kasoro zao, lakini kwa mtoto mchanga wanasogea. Mzee mmoja alikunja mwavuli, muuza ndizi akavuta beseni lake, na dada akapitishwa hadi ukutani pakavu kabisa. Aligeuka kushukuru. Hapo Cédrick akauona waya mweusi ukining'inia chini ya kitenge.

"Mama," akamnong'oneza, "mutoto yako iko na mukila."

Dada alitazama chini, akaiona chaja, akacheka mpaka akashika ukuta. "Usiseme, nakuomba. Batanirudisha mu mvula. Haina mutoto, ni ordi yangu, kompyuta. Inakufwa jana."

"Inakufwa namna gani?"

"Ilianza milia ku écran, ya kijani na nyekundu. Kiisha giza."

"Basi Mungu anakutuma fasi ya muzuri. Minye niko fundi. Minye njo docteur yayo."

"Wapi! Mvula ikinyesha, kila kijana wa hapa anakuwa docteur," alijibu, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kukubali.

Jina lake Mwadi. Babu yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya migodi, akazaa, akazikwa hapa hapa, na Mwadi hakuwa na kwao kwingine zaidi ya Likasi. Kazi yake ilikuwa kuchora: ramani za nyumba, mitaro, mabwawa ya maji machafu ya kiwanda, vyote kwenye kompyuta ile nzito aliyoinunua ikiwa imetumika, baada ya kujinyima miaka miwili.

Mvua ilipopungua walikwenda pamoja hadi kibanda cha Symphorien, fundi mkongwe ambaye Cédrick alikuwa akifanya kazi naye meza moja. Symphorien hakuwepo. Cédrick alifungua mashini kwenye gazeti, Mwadi akamwegemea begani kutazama, na harufu ya mafuta ya nywele zake ilimfanya fundi atafute bisibisi aliyokuwa ameishika mkononi.

"Na garantie?" Cédrick aliuliza, yaani dhamana ya kampuni.

"Ilikufwa kabla hainifikie. Niliita ile société yenye kuitengeneza, balinuliza numéro, nikasoma yote. Muntu akacheka na heshima. Anasema, 'Madame, nunua ingine.'"

Cédrick aliona ugonjwa mara moja. Ilikuwa kadi ya picha, ile inayoleta sura kwenye kioo. Katika kompyuta nyingi kadi hiyo imegandishwa kwenye ubao, huwezi kuigusa. Ya Mwadi ilikuwa mashini ya wachoraji, kadi yake inachomoka kwa skrubu nne. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuagiza kadi nyingine Lubumbashi na kuibadilisha. Inachukua siku nyingi, lakini ukishaiweka umemaliza. Ya pili, kuipasha hii iliyokufa moto kwa hewa kali, risasi iliyounga vipande vyake ilainike, ishike tena. Inaamka siku ile ile. Inaishi wiki tatu, pengine sita, halafu inakufa bila kuaga.

Kila fundi mwenye haya humwambia mteja mambo hayo mawili achague mwenyewe. Cédrick alikuwa na haya, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini Mwadi alikuwa anacheka, anamsimulia jinsi mama yake alivyoiombea kompyuta usiku kucha ameiwekea mkono, na Cédrick akawaza: akipata kadi mpya, mashini hii haitaugua tena, na huyu sitamwona tena. Akayameza.

"Nipe mpaka saa kumi," alisema. "Itaamuka."

Iliamka. Mwadi alipoona michoro yake kwenye kioo alipiga kelele, akamrukia shingoni, muuza maandazi wa jirani akashangilia. Mwadi alipotoka nje, Cédrick alifanya kama wafanyavyo katika kibanda kile: aliandika ndani ya kifuniko kwa kalamu nzito, mahali ambapo mteja haoni kamwe, *Chauffé, 14/10*, yaani imepashwa moto tarehe hiyo. Kisha akampelekea kompyuta yake nje, alikokuwa amesimama kununua maandazi.

Msomaji usimhukumu bado. Usiku ule ule alimpigia rafiki yake wa Lubumbashi amtafutie kadi. Alikuwa na nia ya kuibadilisha kimya kimya, kwa gharama yake, kabla ile ya zamani haijafa. Lakini nia njema isiyosemwa haina tofauti kubwa na uongo, na rafiki wa Lubumbashi alikuwa mtu wa "kesho".

Wiki hizo zilikuwa tamu. Mwadi alirudi siku ya tatu kwa sababu feni inapiga kelele, ingawa haikupiga. Alirudi siku ya tano bila sababu, amevaa blauzi nyeupe na hereni ndefu. Jumamosi moja walikwenda ziwani Tshangalele, wakala samaki wa kuchoma na bukari, ugali wa kwao, kwenye mkeka wa mama mmoja, miguu majini.

"Cédrick, unakulaka ma arêtes kama paka."

"Juu ninakutazama weye, sitazame samaki."

"Eh! Utakufwa na mwiba, mama yangu atasema ni minye nilikuua."

"Mama yako ananiyua?"

"Ananiuliza kila siku. 'Ule docteur wa machine iko na bibi?' Minye najibu, 'Mama, sijafungua kifuniko yake.'"

Na simu! Asubuhi simu, mchana simu, jioni simu za kuulizana nani akate kwanza. "Kata weye, chérie." "Apana, kata weye, bébé." Mpaka mtandao ukachoka ukawakatia wote wawili.

Jumapili ya kwanza ya Novemba Mwadi alimwomba aje kanisani kwao. Alivaa suti yake ya pekee, ya buluu, akaketi nyuma. Katikati ya ibada Pasta Adolphe aliita wenye ushuhuda, na Cédrick akamwona Mwadi anatoka katika kwaya, gauni la zambarau, anashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Aleluya!"

"Amen!"

"Bapendwa, machine yangu njo mukono yangu. Njo bukari ya mama yangu. Ilikufwa. Garantie yayo ilikufwa mbele." Watu walicheka. "Bakubwa ba société balisema nunua ingine. Lakini Mungu alinitumia muntu katikati ya mvula, na siku ile ile machine ikafufuka! Bapendwa, garantie ya bantu inaishaka. Garantie ya Mungu haiishe!"

Kanisa liliinuka. Ngoma zilipigwa, Mama Bibiane, mamaye Mwadi, akatoka katika safu anacheza na leso kichwani. Pasta Adolphe akanyoosha kidole ukumbini. "Ule kijana iko wapi? Akuje hapa mbele!"

Cédrick alisukumwa hadi madhabahuni na mikono asiyoijua. Pasta akamshika viganja, akavipaka mafuta, akawaambia watu mia mbili wanyooshe mikono yao. "Baba, bariki hii mikono yenye haifanye kazi ya bongo, kazi ya uongo!" Watu wakaitikia. Cédrick alifumba macho. Kama kungekuwa na mahali pa kusema, palikuwa pale, na kama kungekuwa na mahali pasiposemeka, palikuwa pale pale. Mafuta yalimchuruzika hadi kwenye kitambaa cha mkono wa suti.

Nje, chini ya jua, Mwadi alimvuta pembeni. Alikuwa na habari aliyoibana tangu asubuhi.

"Bananiita, Cédrick! Société moja kule Lubumbashi, banatafuta dessinatrice. Jeudi, saa tatu ya asubui. Nitachora masaa mbili, beko banatazama écran yangu palepale ku connexion ya internet. Nikifaulu, ni contrat, mukataba. Contrat ya kweli!"

Cédrick alihesabu siku kichwani mpaka Alhamisi ile.

"Chérie, kwa ile jeudi, nikutafutie machine ingine? Niko na rafiki..."

"Juu ya nini?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, na ulikuwa wazi kabisa. Angesema: kadi yako niliipasha moto tu, inaweza kufa wakati wowote, nisamehe. Mwadi angekasirika, pengine angemwacha, lakini Alhamisi angechora kwa mashini nzima. Cédrick aliutazama uso ule, na nyuma yake Mama Bibiane anakuja anatabasamu, mikono imefunguliwa kumkumbatia.

"Juu... kwa uhakika tu," alisema.

"Imani yako iko kidogo!" Mwadi alimpiga begani na Biblia. "Nilishuhudia mbele ya kanisa, kiisha niende kuomba machine ya watu? Mungu ataniona namna gani?"

Na Cédrick akacheka pamoja naye.

Rafiki wa Lubumbashi aliahidi Jumatatu, akaahidi Jumanne. Jumatano jioni alipiga: kadi imepatikana, imetolewa katika mashini iliyovunjika kioo, ni nzima. Alhamisi alfajiri Cédrick alipanda gari la kwanza. Alijua hatawahi kurudi kabla ya saa tatu. Alikwenda tu kwa sababu hakuweza kukaa.

Saa tatu na nusu alikuwa amesimama katika duka la Lubumbashi, kadi mkononi, anaikagua miguu yake ya dhahabu. Simu ililia.

"Cédrick." Sauti ya Mwadi ilikuwa ndogo. "Milia inarudia."

"Chérie, sikia muzuri. Zima. Toa betri. Ngojea dakika kumi, kiisha washa."

"Dakika kumi? Beko banatazama!"

"Waambie courant inakatika, umeme hakuna. Zima, Mwadi."

Mwadi alikata simu. Cédrick alisimama palepale, akatazama saa ya duka, na kwa mara ya kwanza tangu kanisani aliomba. Simu ililia tena.

"Inawaka! Inawaka, nabo wananingojea, ni watu ba muzuri. Niko ku mutaro ya tatu, inabakia kidogo tu..." Alisikia vidole vyake vikipiga funguo, haraka haraka. Kisha vikanyamaza.

"Mwadi?"

"Giza," alisema. "Cédrick, ni giza. Fanya kintu. Docteur, fanya kintu."

Alikuwa kilomita mia moja na ishirini kutoka kwake, ameishika kadi nzima mkononi. "Nakuya," alisema.

Alirudi Likasi saa tisa alasiri. Mbele ya kibanda aliona viatu vya Mwadi, vile vya siku ya mvua. Mwadi alikuwa ameketi kwenye kiti chake Cédrick, gauni la kazi la rangi ya maziwa, nywele amezibana vizuri kama mtu aliyejiandaa kuonekana na wakubwa. Kompyuta ilikuwa mezani, tumbo wazi. Symphorien alimtazama Cédrick, akatazama chini, akakumbuka ghafla kwamba sukari imekwisha. Akatoka.

"Soma," Mwadi alisema, akamgeuzia kifuniko.

"Mwadi..."

"Minye nilishasoma. Nataka nisikie na sauti yako."

"Chauffé," Cédrick alisoma. "Quatorze octobre."

"Muzee Symphorien ananifunguria tu juu anisaidie. Aliona ile maandiko, anauliza, 'Cédrick hakukuambia?' Anasema ni kawaida yenu. Munaandika juu fundi mwingine asidanganyike."

"Ndiyo."

"Donc uliwaza fundi mwingine." Alimeza mate. "Minye hauniwaze."

Cédrick alitoa kadi kutoka mfuko wa ndani wa koti, akaiweka mezani. Iling'aa kipumbavu. "Niliifwata lelo. Nilitaka nibadilishe mbele haijakufwa. Mwadi, niliogopa. Machine ikipona kabisa, mwenye yayo harudie tena. Na nilitaka urudie."

Mwadi alitaka kulia, na hakulia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Uliacha kidonda wazi, juu nirudie kufungwa pansement," alisema. "Nilisimama mbele ya batu, Cédrick. Mama yangu alicheza. Weye ulisimama pale, banakupaka mafuta, unayua." Aliinuka, akavaa viatu. "Tengeneza."

"Na ile société?"

"Balichukua mwingine, midi, saa sita. Mwenye machine yake haikuzima."

Aliibadilisha kadi usiku ule. Skrubu nne. Alisafisha vumbi, akapaka dawa mpya ya kupooza joto, akafunga. Dakika arobaini. Kazi ambayo angeifanya kwa dakika arobaini katikati ya Oktoba, kama angekuwa na subira ya kuagiza na ujasiri wa kusema. Akaiacha mashini ikichora siku tatu bila kuzimwa, na kioo hakikutetemeka hata mara moja.

Simu zake hazikujibiwa. Jumapili alikwenda kanisani peke yake, na walipoitwa wenye ushuhuda akasimama, akawaambia watu kwamba mikono waliyoibariki ilikuwa imefanya kazi ya uongo, na kwamba dada yao hakudanganya, alidanganywa. Hakuna aliyepiga ngoma. Pasta Adolphe alisema, "Tumuombee ndugu," na wakamwombea, lakini kwa sauti ya chini, kama watu wanaoombea mgonjwa wasiyemjua vizuri. Mama Bibiane alitazama dirishani. Mwadi alikuwa katika kwaya, na hakuinua macho kutoka kwenye kitabu chake.

Jumanne alikuja kuchukua mali yake. Amevaa suruali ya jinzi na koti jekundu la safari, begi dogo mgongoni. Symphorien alijifanya kiziwi kwenye kona yake. Cédrick aliiwasha mashini mbele yake, na Mwadi akafungua mchoro wa mtaro wa tatu, akauzungusha huku na huku, akausogeza karibu mpaka mistari ikawa minene, akaurudisha mbali.

"Inapona?"

"Inapona kabisa. Hakuna yenye niliandika ndani. Unaweza kufungua uangalie."

"Apana. Nakuamini kwa hii." Alifunga kompyuta. "Niko naenda Kolwezi, ku shangazi. Kuko muntu wa kujenga, anatafuta mwenye kuchora. Haina kama ile contrat, lakini ni kazi."

"Utakawia?"

"Siyue."

Cédrick alikuwa ameipanga hotuba yake siku mbili usiku, na sasa akaitoa kwa haraka. "Mwadi, nilikuwa nataka nitume bazee yangu kwenu. Mwezi wa kumi na mbili. Hata lelo nataka. Nikusubiri Likasi, nikufwate Kolwezi, yote mbili niko tayari. Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Siku ile uliongea mu kanisa nilikusamehe, palepale." Alisema hivyo kwa upole, na Cédrick akaelewa kwamba upole ule ulikuwa wa kuagana. "Lakini kila wakati utaniambia 'ni muzuri, chérie', nitatafuta kifuniko nifungue. Nitakuwa bibi wa kufungua vifuniko. Sitaki kuwa ule muntu. Na sitaki ukae na ule muntu."

Machozi yalimtoka Cédrick bila kuomba ruhusa. Hakuyafuta. Mwadi pia alikuwa analia sasa, huku anaiingiza kompyuta katika begi, anapambana na zipu.

"Yenye inaniumiza, apana contrat," alisema. "Ni hii. Ungeliniambia tu ile siku ya kwanza, 'Mwadi, kesho urudie, nikuone.' Hakuna machine, hakuna feni. Ningelirudia. Na mikono mitupu ningelirudia."

Alimshika shavu kwa kiganja, kidogo tu, akatoka. Mvua haikuwepo. Barabara ilikuwa imejaa watu wa asubuhi, wanafunzi, mikokoteni, mama wa maandazi akiita wateja.

Cédrick alitoka nje ya kibanda. "Mwadi!" aliita. Watu waligeuka. "Urudie!"

Alisimama ukingoni mwa barabara. Akapandisha begi vizuri begani, akapangusa uso kwa mkono wa koti.

"Ile neno, sasa njo unaisema," alijibu bila kugeuka, akavuka.